Kafi Naye Hupungiwa

Wahenga walinena kwamba kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Maana yake haina mafumbo: mtu awe stadi namna gani katika kazi yake, kisogo chake mwenyewe hakioni, na hapo hana budi kumwinamia mwenzake. Sisi wa Prosna, mji mdogo wa Nebraska uliozungukwa na mahindi kila upande, methali hii tumeiona kwa macho. Tulikuwa na vinyozi wawili, Kratky na Pavelka, walionyimana salamu kwa sababu ya bendi ya polka iliyokosa kufika katika harusi ya binti Kratky. Ukitaka ukweli kamili wa bendi hiyo muulize Vlasta mwenye mkahawa, lakini uwe na mchana mzima wa kupoteza. Kanisani mmoja alikaa kushoto na mwingine kulia. Hata hivyo, nywele zilipoanza kumfunika masikio, Kratky alivuka barabara, akaketi kwenye kiti cha Pavelka, akanyolewa bila neno, akarudi kwake. Haikupita wiki kabla Pavelka naye hajavuka. Mji mzima tulijipanga madirishani kungoja siku wembe utakapoteleza. Haukuteleza hata mara moja.

Lakini kisa hiki si cha vinyozi. Ni cha Verlin Sedlak, mwana wa pekee wa Otto na Albina, aliyetoka kwenye mahindi na nguruwe akaenda kurusha ndege baharini.

Otto Sedlak alikuwa mkulima mkaidi kama nyumbu. Kwenye ushirika hakusikiliza ushauri wa mtu, na mahubiri ya padri aliyasikiliza kwa sikio moja. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo alitii kama mtoto mchanga. Wakati wa mavuno, tela lililojaa mahindi hurudishwa nyuma hadi kwenye bomba refu lenye parafujo ndani, ambalo huyapandisha mahindi mpaka juu ya ghala la bati. Anayeendesha trekta haoni tela lake linakoishia. Kwa hiyo mtu mwingine husimama chini na kumpungia mikono: njoo, njoo, kushoto kidogo, simama. Kwa akina Sedlak mtu huyo alikuwa Albina, na mara nyingi mikono yake ilikuwa bado na unga wa kolache, mikate midogo mitamu ya kuoka, alizoziacha jikoni.

"Aliyeshika usukani hana macho," Otto alizoea kusema. "Macho yako chini, yamevaa aproni."

Verlin alikabidhiwa trekta alipotimiza miaka kumi na miwili. Alijua kulima mstari mnyoofu kwa kukazia macho mti ulio mbali, na sifa zilikuwa zimeanza kumvimbisha kichwa. Siku moja ya Oktoba wingu la mvua ya mawe lilitanda upande wa magharibi, jeusi kama sufuria la shughuli, na tela la mwisho lilikuwa halijamwagwa. Verlin akarudisha nyuma. Albina akapunga njoo, njoo, kisha akapishanisha mikono juu ya kichwa: simama! Mvulana akageuza shingo atazame mwenyewe. Kwa macho yake akaona nafasi ipo tele, akaongeza moto. Tela likalipiga bomba, bomba likapinda kama mrija wa soda, na mvua ya mawe ikamiminika juu ya mahindi yaliyokuwa yakingoja.

Otto hakumchapa. Alisimama kwenye mvua na kumwuliza swali moja tu.

"Ulikuwa unamwangalia nani?"

"Nilikuwa naangalia tela, baba."

"Basi."

Neno hilo moja lilimuuma Verlin kuliko mkanda. Kesho yake majirani walikuja na mabomba yao, kama ilivyo desturi yetu, wakaokoa kilichookoleka. Pia wakaondoka na habari ya kutosha kuwapasha moto majira yote ya baridi.

Alipomaliza chuo huko Lincoln, Verlin alirudi nyumbani na jambo la kusema. Alilisema mezani, mbele ya bata wa kuokwa na kabichi chachu.

"Nimejiunga na jeshi la majini. Nitarusha ndege."

Otto akaweka uma chini. "Majini? Bwawa la jirani yetu Pospisil lenyewe lilitaka kukuzamisha, tukakutoa kwa kamba ya ng'ombe!"

"Nilikuwa na miaka saba, baba."

"Na bahari tangu siku hiyo imepungua?"

"Mwache mtoto," akasema Albina. "Wewe ulitaka awe nani, wewe wa pili? Mmoja ananitosha." Kisha akamwongezea Verlin bata, na kwa Albina hiyo ndiyo ilikuwa baraka.

Kutua juu ya manowari ya kubeba ndege si kama kutua uwanjani. Uwanja hukungoja, meli huenda zake, huku ikipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Sitahani hutandazwa nyaya nne, na ndege huteremsha ndoano mkiani ili inase mmojawapo. Rubani huongozwa na taa moja ya njano iliyo kando ya sitaha, ambayo wenyewe huiita mpira. Mpira ukiwa katikati ya mstari wa taa za kijani, uko salama. Ukipanda, uko juu mno. Ukishuka, ukuta wa chuma wa tezi, yaani nyuma ya meli, unakungoja. Basi karibu na tezi hiyo husimama rubani mwenzako, redio mkono mmoja, kitufe cha taa nyekundu mkono wa pili. Huyo huitwa Kafi, kwa kuwa zamani wenye kazi hiyo walipunga makafi mawili ya rangi. Kafi akiwasha nyekundu unaondoka na kupaa tena, hata uwe mkubwa wa meli nzima.

Baada ya hapo kuna jambo ambalo watu wa nchi kavu hawangelistahimili. Kafi huingia chumba cha marubani, nawe husimama akakusomea kosa lako mbele ya wenzako wote. Kisha rangi ya kutua kwako hubandikwa ukutani kando ya jina lako: kijani kwa kuzuri, njano kwa kuponea chupuchupu, nyekundu kwa kule kulikokaribia msiba. Ule ukuta ulikuwa umbea uliopewa cheo, Vlasta angeupenda. Na rubani hajitetei. Jibu lake ni moja tu: "Sawa, Kafi."

Verlin alifaa kazi ile kama mpini kwenye jembe lake. Jicho lililozoea kukazia mti wa mbali lilijua kuukazia mpira, na mstari wake ukutani ukawa wa kijani kama shamba la Juni. Wenzake wakampa jina la utani, maana kule hakuna rubani asiyepewa. Wakamwita Gunzi.

"Nyinyi mnakula mahindi yote, halafu mnacheka gunzi," akawaambia.

"Sisi tunacheka harufu ya nguruwe," wakamjibu.

Baada ya miaka michache akawa Kafi mwenyewe, na ulimi wake ulikuwa wembe. Hakumwonea mtu haya. Siku moja mkuu wa kikosi chake alitua vibaya, Verlin akasimama mbele yake na kusema, "Mkuu, umekuja kama gunia lililoanguka toka kwenye lori. Nyekundu." Mkuu yule, shingo imemwiva kama ya bata mzinga, akajibu, "Sawa, Kafi." Tangu siku hiyo jina la Gunzi likavuma kutoka omo hadi tezi, na kwenye meli nyingine pia.

Aliowafundisha walikuwa wengi, lakini aliyempenda zaidi alikuwa Luteni Alcide Thibodeaux, kijana wa Louisiana aliyeongea upesi kama mtu aliyetafuna pilipili.

"Usiangalie begani mwa mtu," Verlin alimwambia siku ya kwanza. "Cheo hakina mabawa. Mwambie ukweli yeyote anayetua."

"Hata wewe, afande?"

"Hata mimi. Hasa mimi."

Ni rahisi kusema hivyo siku ambayo wembe uko mkononi mwako.

Miaka ikasonga. Verlin akapanda cheo hadi akawa kamanda wa kikosi kizima, na Thibodeaux akawa Kafi wake mkuu. Mwaka huo nafasi moja ilikuwa wazi: kuongoza vikosi vyote vya ndege vya meli ile. Atakayeipata angeendelea kuruka kutoka baharini kwa miaka. Atakayeikosa, katika umri wa Verlin, angepelekwa nchi kavu na asitue tena melini maisha yake yote. Nahodha wa meli, aliyekuwa na sauti kubwa katika uteuzi huo, alimnong'oneza Verlin kwamba jina lake liko juu. Verlin hakuwa na mke wala mtoto. Kutua ndiko kulikuwa nyumba yake, na nafasi hiyo ndiyo ilikuwa mlango wa kubaki ndani.

Hapo ndipo njano ikaanza kuota ukutani. Septemba moja, Oktoba mbili, kisha ikaja mfululizo. Siku moja Thibodeaux aliingia chumbani, Verlin akasimama.

"Njano, afande. Mwanzo safi, katikati safi, mwisho umezama. Unachungulia sitaha."

Kila rubani pale alilijua kosa hilo, kwa kuwa wengi walifundishwa na Verlin mwenyewe. Kuchungulia sitaha ni kuuacha mpira katika nukta ya mwisho na kuitazama meli, ili ujionee kwa macho yako kama utanasa waya. Macho yakishuka, mkono hupunguza moto bila kuambiwa, na ndege huzama. Wageni huliogopa kosa hilo. Wazoefu ndio hulifanya, kwa sababu wao huamini wameshaijua sitaha kama uani kwao.

Verlin angesema "Sawa, Kafi," yangeishia hapo. Badala yake akacheka.

"Mimi nachungulia? Thibodeaux, mahubiri hayo niliyatunga mimi."

"Ndiyo, afande. Ndiko nilikoyasikia."

"Nilinasa waya au sikunasa?"

"Ulinasa wa kwanza, ulio karibu zaidi na tezi. Ungezama kidogo zaidi, tungekuwa tunakusomea sala."

Hakuna aliyewahi kumwona mtu akijibizana na Kafi, sembuse Gunzi. Rubani mmoja akakohoa, mwingine akajifanya anafunga kamba za viatu. Verlin akaketi uso umemkunjamana.

Jioni akamwita Thibodeaux kwenye chumba chake. "Unajua ni nafasi gani iko mizanini."

"Meli nzima inajua, afande. Hata wapishi wamewekeana dau."

"Basi uwe unaangalia vizuri."

"Unataka nipake kijani?"

"Sikusema hivyo! Nimesema uangalie vizuri."

Thibodeaux akamtazama kwa huzuni kidogo. "Ninaangalia vizuri, afande. Ndiyo kazi uliyonipa."

Verlin akamfungulia mlango bila kuaga. Moyoni alijiambia kwamba mtoto huyu amelewa wembe. Yeye ametua mara mamia kabla Thibodeaux hajaota ndevu; kama kuna anayejua ndege yake imekaaje, ni nani kama si yeye? Akatia pamba masikioni.

Basi ikafika adhuhuri moja ya Novemba, katika Atlantiki ya kaskazini, nchi kavu ikiwa mbali mno kufikika. Bahari ilikuwa nzito, na tezi ya meli ilipanda na kuporomoka. Verlin alikuwa wa mwisho kutua. Alikuja vizuri, mpira katikati, mkono umetulia. Karibu na mwisho, kama mtu anayejikuna bila kujijua, akashusha macho atazame sitaha. Akaziona nyaya zote nne, pana na wazi, kama uani.

Taa nyekundu ikawaka. "Ondoka! Ondoka!" sauti ya Thibodeaux ikapasua redio. "Moto!"

Verlin aliiona taa. Aliisikia sauti. Lakini kwa macho yake aliona nafasi ipo tele, na kwa muda wa kupepesa jicho mkono wake ukasita. Kisha akasukuma moto wote, akiwa amechelewa. Tezi ikainuka kumlaki. Ndoano ikapiga ukingo wa chuma, ikakatika kama jino bovu, na ndege ikaruka tena juu ya sitaha, ikayumba, ikapanda mawinguni. Haikuwa na ndoano tena.

Redio ikanguruma.

"Gunzi, hapa Kafi. Upo?"

"Nipo. Sina ndoano."

"Najua. Ninayo hapa. Imenikosa kwa hatua moja."

"Samahani, Alcide."

"Samahani utanipa ukishuka. Wanatandika wavu. Nitakuleta mwenyewe."

Wavu ni dawa ya mwisho: mikanda mipana ya nailoni husimamishwa kukingama sitaha, ndege ikaingia ndani yake kama samaki. Katika kutua kwa kawaida, ukigusa tu unasukuma moto wote, ili ukikosa waya upae tena. Kwenye wavu ni kinyume: Kafi akisema kata, unazima injini hapo hapo, na huna pa kwenda tena. Ukizima mapema unaanguka kabla ya meli. Ukichelewa unapita na wavu wako hadi baharini upande wa pili. Rubani mwenyewe hawezi kuujua wakati huo. Anaujua aliyesimama chini.

Meli ikajigeuza kuutafuta upepo, na watu wakakimbia na mikanda sitahani kama siafu waliochokozwa. Thibodeaux akasema tena, safari hii polepole, na ule mwendo wake wa pilipili haukuwepo.

"Nisikilize, Gunzi. Mpira tu. Sitaha usiiguse kwa macho. Ukichungulia nitajua."

"Utajuaje?"

"Nimekuwa nikijua tangu Septemba."

Hapo ndipo Verlin alipoiona mikono ya Albina, yenye unga, imepishana juu ya kichwa chini ya wingu jeusi. Akapiga moyo konde.

"Sawa, Kafi," akasema. "Nilete."

"Njoo. Vizuri. Uko juu kidogo, shusha. Vizuri. Kushoto kidogo. Vizuri, usipunguze. Usipunguze! Njoo, njoo..."

Mpira ulikuwa katikati. Pembeni mwa jicho lake kitu kikubwa cha kijivu kilikua na kukua, na kila mshipa wa shingo yake ulitaka kugeuka ukitazame. Hakugeuka.

"Kata! Kata! Kata!"

Akazima. Ulimwengu ukawa kelele za chuma na mikanda, akatupwa mbele, mkanda wa kiti ukamshika, kisha kila kitu kikatulia. Ndege ilikuwa imelala ndani ya wavu, bawa moja limechanika, hatua chache kutoka ukingoni. Rubani alikuwa mzima.

Alasiri Thibodeaux aliingia chumba cha marubani. Verlin akasimama. Hakuna aliyekuwa akifunga viatu safari hii.

"Kutua kwa kwanza," Thibodeaux akasema, "umechungulia sitaha, umezama, umekataa taa. Nyekundu. Kutua kwa pili, kwenye wavu." Akainua macho kwa Verlin. "Kijani."

"Sawa, Kafi," akasema Verlin.

Lakini mwiba ulikuwa bado haujatoka. Asubuhi iliyofuata nahodha alimwita Verlin ofisini kwake, akafunga mlango, akamimina kahawa mwenyewe.

"Nimeangalia mambo yalivyokwenda," akaanza. "Tezi ilipanda ghafla. Bahari ilikuwa mbaya. Tukisema taa nyekundu iliwaka ikiwa imechelewa, hakuna atakayeuliza zaidi."

"Anayewasha taa ni Thibodeaux, mkuu."

"Ni kijana. Ataumia kidogo, atapona. Wewe huna muda wa kupona, Gunzi. Ile nafasi inaamuliwa mwezi huu. Niambie tu: taa ilichelewa?"

Thibodeaux alikuwa nje, amesimama ukumbini akingoja kuitwa. Verlin alikuwa amempita mlangoni, na kijana yule hakumwomba kitu hata kwa macho. Verlin akaitazama kahawa. Neno moja, na angeruka miaka mingine. Neno jingine, na angepanda ngazi ya meli kwa mara ya mwisho.

"Taa iliwahi, mkuu," akasema. "Niliiona. Nilidhani mimi naona zaidi."

"Unajua neno hilo linakugharimu nini?"

"Najua."

Nahodha akafungua mlango akamwambia Thibodeaux aende akale.

Ikawa hivyo hivyo. Nafasi akapewa mwingine, na Verlin akahamishiwa kambi ya mafunzo Florida, kuwafundisha Kafi wapya kwenye uwanja uliochorwa mstari wa sitaha juu ya lami. Hakufa moyo, wala hatutasema alifurahi. Alifanya kazi. Alipokuja likizo Prosna alikisimulia kisa chote mezani, tangu mwanzo hadi mwisho, na Otto akasikiliza huku akitafuna.

"Uliangalia tela, siyo?" Otto akauliza.

"Niliangalia tela, baba."

"Basi."

Albina akamwongezea bata.

Albina alifariki miaka michache baadaye, majira ya kuchipua, na sisi sote tulikula kolache zisizo na ladha msibani, kwa kuwa aliyejua kuzioka alikuwa ndiye tunayemzika. Otto akabaki peke yake na hakutaka msaada wa mtu. Kratky naye alikuwa hivyo alipokufa Pavelka: aliacha nywele zikamfika kolani, na ukimtajia mkasi alikuwa anatoka mkahawani. Otto yeye alianza kurudisha tela bila mtu chini. Mavuno ya kwanza aliangusha uzio. Mavuno ya pili alilisukuma sanduku la barua la Pospisil mpaka mtaroni, na bomba lake likapata kovu ambalo kila mpita njia alilisimamia kulitazama. Tukimwambia, alijibu, "Nilikuwa narudisha tela hamjajua hata kutambaa."

Vlasta akapiga simu Florida. "Verlin, njoo umchukue baba yako kabla hajaingia na tela jikoni kwangu."

Verlin alikuwa anakaribia kustaafu. Mwaka huo huo akakabidhi sare, akarudi nyumbani kwa mavuno. Alimkuta Otto amekalia trekta, tela limejaa, bomba liko nyuma yake.

"Shuka, baba, nirudishe mimi."

"Wewe? Wewe wa kupinda mabomba?"

"Basi endesha wewe. Mimi nitasimama chini."

"Sihitaji mtu chini."

"Nami nilijiona simhitaji Thibodeaux," akasema Verlin. Akaenda akasimama mahali palepale alipozoea kusimama mama yake, kando ya ghala, palipokuwa na nyasi zilizokanyagwa miaka mingi. Akainua mikono.

Otto aliguna, akatia gia. Tela likaanza kurudi. Verlin akapunga: njoo, njoo, kulia kidogo, njoo. Nusu ya njia mzee akageuza shingo atazame mwenyewe, na tela papo hapo likaanza kwenda upande. Verlin akapishanisha mikono juu ya kichwa. Otto akaiona. Mguu wake ukasita juu ya breki kwa kitambo, na sisi tuliokuwa barabarani, maana siku hiyo njia ya kwa Sedlak ilikuwa na wapita njia wengi kupita kawaida, tukafumba macho. Halafu akakanyaga.

Kati ya tela na bomba pangeweza kupita kiganja, kikiwa kimelazwa.

Mzee akashuka polepole, akalizunguka tela, akapima nafasi ile kwa mkono wake mwenyewe. Akazitazama nyasi aliposimama mwanawe, kisha akamtazama mwanawe.

"Haya. Ilikuwaje?"

"Njano, baba. Ulichungulia."

"Mama yako hakuwa akinipa rangi."

"Mama alikuwa na huruma."

Otto akavua kofia, akajikuna kisogo, nywele nyeupe zikiwa zimempita masikio kwa miezi. Akapanda tena kwenye trekta, akakamata usukani, na safari hii akakaza macho kwenye mikono ya mwanawe.

"Sawa, Kafi," akasema. "Nilete."

Kweli, kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.